Sura ya Tisa: Mchoraji Hakuonekana Kanisani

"Ivue sasa hivi, mwizi wee!"

"Niivue vipi? Hiyo ni picha, mama! Unataka niikwangue kwa kisu?"

Bi Augusta Haddow, mke wa mfanyabiashara wa mafuta ya nyangumi, alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mchoraji, mwavuli wake ameuelekeza kwenye turubai kama mkuki. Upande wa pili alisimama Peg Mottram, mke wa muuza nyama, mikono kiunoni. Kwenye turubai Peg huyohuyo alikuwa ameketi kwa utulivu ambao hakuna mtu mjini Hobart aliyewahi kumwona nao. Alivaa hariri nyeusi, na shingoni alikuwa na bruchi, pambo la kubania ukosi, ya dhahabu yenye mawe mekundu saba.

Konstebo Obadiah Trewin alikuwa amekuja kupekua chumba, si kuamua ugomvi. Aliweka chini droo aliyokuwa ameishika.

"Peg, rudi nyuma hatua mbili. Bi Haddow, shusha mwavuli."

"Nishushe? Bruchi ya marehemu mama yangu iko shingoni mwa huyu, nawe unaniambia nishushe mwavuli!"

"Shingoni mwangu kuna nini?" Peg aliuliza, akafungua ukosi wake. "Afande, njoo utazame. Kuna nini hapa zaidi ya jasho?"

"Funga ukosi, Peg."

"Mtu aliyeletwa huku kwa kuiba mashuka," alisema Bi Haddow, "hashangazi akikutwa na bruchi."

"Mashuka mawili! Na nimeyatumikia miaka saba, nikamaliza. Wewe umetumikia nini, shoga, zaidi ya chai?"

Trewin akasimama kati yao. Alikuwa Mkonwali, mtu wa pwani ya magharibi ya Uingereza, mfupi mwenye mabega mapana, naye aliletwa na meli ya wafungwa kama Peg, akamaliza miaka yake ya kifungo, akabaki. Sasa alikuwa konstebo wa wilaya. Mambo aliyoyajua kuhusu shauri hili yalikuwa machache. Jumapili, kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati akina Haddow wote wakiwa kanisani pamoja na watumishi wao, mtu aliingia kwa mlango wa nyuma na kuchukua bruchi hiyo kwenye kisanduku mezani pa Bi Haddow. Ijumaa iliyotangulia mchoraji Lemuel Pask alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kisanduku hicho akichora watoto wa nyumba. Leo ilikuwa Jumatano. Saa tisa alasiri Pask angesimama mbele ya hakimu. Akitiwa hatiani, hati yake ya ruhusa ingechanwa papo hapo. Hati hiyo ndiyo iliyomwezesha mfungwa kupanga chumba, kushika kazi yake na kula chake. Bila hati angepelekwa gereza la Port Arthur, miaka saba ya kukata magogo kwa minyororo.

Pask mwenyewe, aliyewekwa humo chini ya ulinzi tangu Jumatatu jioni, alikuwa ameketi kwenye kiti wanachokalia watu wakichorwa, akila mkate na jibini. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, upara, na ndevu zenye madoa ya rangi ya kijani.

"Bwana Pask," Trewin alisema, "rangi hii nyekundu hukauka baada ya siku ngapi?"

"Ile ya mawe? Ni mvivu sana hiyo, afande. Siku kumi, kumi na mbili. Hewa ikiwa na unyevu, hata kumi na tano."

Trewin akainama. Akabonyeza jiwe la kwanza kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kisha la pili, mpaka la saba. Akautazama ukucha. Ulikuwa safi. Kwenye rangi hapakuwa na alama.

"Imekauka kabisa," alisema. "Basi ilichorwa kabla ya Jumapili, tena zaidi ya wiki moja iliyopita. Bi Haddow, Jumamosi jioni bruchi yako ilikuwa wapi?"

"Shingoni mwangu. Tulikuwa na wageni kumi na wawili."

"Basi picha hii haihusiani na wizi wa Jumapili."

"Haihusiani? Ameijuaje, kama hakuivaa?"

"Mimi ndiye ninayeijua," alisema Pask, akafuta makombo kwenye ndevu. "Nilikuchora nayo mwezi wa tisa, Bi Haddow, ukaionyesha picha kwa marafiki. Tangu hapo kila mwanamke anayeketi hapa ananiambia, nitie na mimi kama ile ya Bi Haddow. Naichora kwa kichwa tu."

"Kila mwanamke?" aliuliza Bi Haddow.

Trewin akaenda kwenye turubai zilizoegemezwa ukutani, akazigeuza moja moja. Mke wa mwoka mikate, bruchi yenye mawe saba. Mkunga wa Mtaa wa Liverpool, bruchi yenye mawe saba. Mke wa sajini alikuwa na mbili, moja shingoni na nyingine kwenye nywele.

"Huyo aliomba mbili," Pask alieleza. "Sikuweza kumkatalia, ana mimba."

Bi Haddow aliketi juu ya sanduku la rangi bila kutazama anapoketi. "Mji mzima! Na hizi zinapelekwa wapi?"

"Nyumbani, Uingereza," alisema Peg. "Mama yangu yuko Leeds. Alilia siku saba nilipopandishwa meli. Acha aone kwamba bintiye ana hariri na dhahabu. Hariri yenyewe ni ya Pask, anamvalisha kila mtu. Tazama, imechanika kwapani."

"Picha yako iko tayari, Bi Mottram," alisema Pask. "Uibebe imesimama, usiilaze juu ya nyama."

Peg akaichukua picha yake. Mlangoni akageuka. "Afande, huyu mtu hakuiba kitu. Nimeishi na wezi kwenye meli miezi mitano. Nawajua kwa harufu."

Akashuka ngazi. Bi Haddow hakuondoka. Alinyanyuka kwenye sanduku, sketi yake ina mstari wa kijani nyuma ambao hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Picha ni jambo dogo," alisema. "Hakuwa kanisani. Mimi huketi juu, nawaona wafungwa wote chini kwenye mabenchi yao. Pask huketi chini ya dirisha la tatu, akichorachora nyuma ya kitabu cha nyimbo. Jumapili nafasi yake ilikuwa tupu. Niliitazama kutoka wimbo wa kwanza hadi baraka."

"Bibi, kwenye daftari langu yupo."

"Basi daftari lako linasema uongo, konstebo. Na nitamwambia hakimu hivyo hivyo, saa tisa."

Walimsikia akishuka ngazi zote, na mwavuli ukigonga kila kipandio.

Trewin akafunga mlango. Akatoa daftari kwenye koti. Kila Jumapili mlangoni pa kanisa aliita majina ya wafungwa wenye hati mia moja arobaini na tatu, akatia alama mbele ya kila aliyeitikia. Mbele ya Pask, Lemuel, alama ilikuwepo, safi, kwa mkono wake mwenyewe.

"Nani aliitika?"

"Sauti, afande. Wewe ndiye uliyeandika."

"Usinichezee. Nani?"

"Mtu mwenye moyo mzuri. Simtaji."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Pask akaanza kusafisha brashi. Alizitumbukiza kwenye tapentaini moja baada ya nyingine, akazifuta kwa kitambaa, akazipanga kwa ukubwa.

"Umekaa huku miaka mingapi?" Trewin aliuliza.

"Kumi na mmoja. Nilipewa kumi na minne. Nilichonga bamba la noti bandia huko Birmingham. Unajua walinikamataje? Noti yangu ilikuwa nzuri kuliko ya benki. Ya benki malkia amekaa kombo, mkono mmoja mrefu. Mimi nikamnyoosha. Karani akaitazama, akasema, hii haiwezi kuwa yetu."

Trewin hakucheka, ila masharubu yalitikisika.

"Kwenye meli nilimchora daktari, akanifungua minyororo. Nilipofika nikapewa daktari mwingine, huyo akanichoresha ndimi za wagonjwa. Miaka miwili, ndimi tupu. Ulimi wa homa, ulimi wa mlevi, ulimi wa mwanamke mwenye nyongo. Leo nikimwona mtu akipiga miayo najua alichokula. Kisha nikapata hati, nikapanga chumba chenye dirisha la kaskazini, maana kwetu kila mchoraji hutafuta dirisha la kaskazini. Mwezi mzima jua likanipiga usoni, watu wanakunja macho, picha zote zikatoka kama za wenye hasira. Nikahamia hapa, dirisha la kusini. Huku dunia imepinduka, afande, na mimi nikapinduka nayo. Sina malalamiko. Baada ya wiki kumi na moja jina langu linapelekwa kwa msamaha. Nikisamehewa, nitaketi kiti hikihiki."

"Leo saa tisa ukikaa kimya, utaketi kwenye gogo."

"Najua."

"Basi sema."

"Nikisema, nitakuwa nimekiri kutoka wilayani bila pasi siku ya kuitwa majina. Hilo peke yake linachana hati."

Trewin akamtazama. "Kwa hiyo ulitoka wilayani."

Pask akaangusha brashi. "Nimesema 'kama'."

"Hukusema 'kama'."

Konstebo akarudi kwenye kazi yake ya kupekua. Alikuwa amekwisha pitia droo, kitanda, chungu cha unga, viatu, na mfuko wa hariri nyeusi ya kila mtu. Zilibaki turubai tano nyuma ya mlango, zimefunikwa shuka. Nne zilikuwa miili isiyo na vichwa, makoti na magauni tayari yakisubiri nyuso. Ya tano ilikuwa imegeuzwa ukutani, peke yake, na ilikuwa bado mbichi. Rangi ilimpaka kidole.

Akaigeuza.

Alikuwa kondoo dume. Amesimama kwenye majani mafupi, kifua mbele, pembe zimejikunja mara mbili, manyoya mazito yakiteremka mpaka magotini kama pazia. Macho yalikuwa ya mtu anayejua thamani yake. Trewin aliona picha nyingi katika chumba hiki asubuhi hiyo, na kusema kweli hii ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

"Nimeinakili kwenye kitabu," alisema Pask haraka.

"Kitabu gani?"

"Cha wafugaji. Nilikirudisha."

"Kwa nini umeificha?"

"Wake za watu wakijua nachora kondoo, nani atakuja kuketi achorwe? Bi Haddow atasema nimemchora kwa brashi iliyochora mkia."

Jibu lilikuwa zuri. Trewin aliibeba picha hadi dirishani, akaitazama kwa mwanga. Aliangalia pembe, pua na miguu. Akafika kwenye sikio la kushoto, akabaki hapo. Ncha ya sikio ilikuwa imenyofoka, na kwenye ukingo Pask alikuwa ameweka kidoa kimoja cha damu iliyoanza kukauka.

"Kitabuni kondoo alikuwa ameng'atwa na mbwa?"

Pask akaokota brashi iliyoanguka.

"Jumamosi saa nane mchana nilikuwa bandarini," Trewin alisema. "Kapteni Maule alikuwa akipokea kondoo dume wake kutoka Saksonia, nchi ya Ulaya yenye sufu bora. Alipoteremshwa kwa kamba, mbwa wa meli akaruka, akamnyofoa sikio la kushoto. Kapteni akataka mbwa anyongwe. Ikabidi niandike. Sasa sikiliza. Bandarini kondoo huyo alikuwa ameshonewa gunia kutoka shingoni mpaka kwato, chumvi isimharibu. Hakuna mtu mjini aliyeona manyoya yake. Wewe umeyachora, unyoya kwa unyoya. Basi ulimwona baada ya mbwa na nje ya gunia. Akavushwa mto Jumamosi jioni. Jumatatu kutwa ulikuwa hapa ukimchora mkunga, yeye mwenyewe ameniambia. Jumatatu jioni nikakukamata. Imebaki siku moja."

"Angeweza kuchorwa na mtu mwingine."

"Kwa rangi hii ya kijani iliyo ndevuni mwako?" Trewin akaweka picha chini. "Kapteni Maule ni hakimu wa ng'ambo ya mto. Alikuita yeye?"

Pask akakaa tena kwenye kiti chake. Safari hii alionekana mzee.

"Alimtuma mtu. Njoo kesho, kondoo ananyolewa Jumatatu alfajiri, nataka sura yake akiwa na manyoya yote. Nikasema kesho ni Jumapili, sina pasi. Akasema pasi ni yeye. Nilipomaliza akaniambia, Pask, hukuja hapa. Ukisema ulikuja, nitakana. Neno la hakimu na neno la mfungwa, afande, lipi zito?"

"Mfungwa aliyeitwa na hakimu hahitaji pasi. Sheria ndivyo inavyosema."

"Hakimu akikubali kwamba alimwita."

Trewin akatazama saa yake. Saa tano kasoro robo. Akafunga picha ya kondoo kwa shuka, akaitia kwapani.

"Kaa hapa. Mlinzi yuko chini. Usichore kitu kingine chenye mawe saba."

---

Mashua ya kuvusha watu ilipata upepo mzuri, na mto Derwent siku hiyo ulikuwa kama sahani. Trewin aliketi nyuma na mvushaji. Njiani alitoa penseli, akafungua daftari kwenye Jumapili, akakata alama iliyokuwa mbele ya jina la Pask. Kando yake akaandika kwamba sauti iliitika, uso haukutazamwa, kosa ni la konstebo, akatia sahihi. Kwa mstari huo angeweza kurudishwa kupiga kokoto barabarani. Akafunga daftari, akala yai la kuchemsha.

Shambani kwa Kapteni Maule alikwenda kwanza kwenye banda la kunyolea, si nyumbani. Mchungaji aitwaye Cobb alikuwa akinoa mikasi.

"Namtafuta kondoo dume mgeni," Trewin alisema.

"Huyo hapo. Usimcheke, ana kinyongo."

Kwenye zizi la ndani alisimama kiumbe mweupe, mwembamba, mwenye pembe kubwa na miguu kama vijiti, akionekana kama mzee aliyetolewa kwenye birika la kuogea nguo zake zikaibwa. Sikio la kushoto halikuwa na ncha.

"Alinyolewa lini?"

"Jumatatu, kabla ya uji. Mimi mwenyewe. Ratili kumi na moja za sufu, hujawahi kuona."

"Kuna mwingine mwenye sikio kama hilo?"

"Hapa? Ni huyu tu aliyekutana na mbwa wa baharini."

"Na Jumapili alikuwa wapi?"

Cobb akaacha kunoa. Akatazama nyumba, akatazama konstebo. "Zizini," alisema. "Alikuwa na mgeni. Mimi sikumwona mgeni. Niliambiwa sikumwona."

"Asante, Cobb. Inatosha."

Kapteni Maule alimkuta Trewin akiwa bado zizini. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, mwekundu, mwenye sauti iliyozoea uwanja wa gwaride.

"Konstebo! Nani amekuruhusu kumsogelea kondoo wangu Leopoldi?"

"Habari za mchana, mheshimiwa. Nimekuja kuomba barua ya mistari miwili. Kwamba Jumapili ulimwita Lemuel Pask, naye alikuwa hapa kuanzia asubuhi."

"Pask? Mchoraji? Sijamwona tangu Pasaka."

Trewin akafungua shuka, akaegemeza picha kwenye ukuta wa zizi, karibu na kondoo mwenyewe. Kapteni akaitazama. Kwa muda mfupi uso wake ulilainika kabisa.

"Mbona amekwisha kuumaliza mguu wa nyuma," alisema. "Jumapili ulikuwa bado..."

Akaipa picha mgongo.

"Ulikuwa bado nini, mheshimiwa?"

"Hakuna."

"Bwana Pask anashtakiwa kwa wizi uliofanywa mjini saa hiyo hiyo aliyokuwa hapa. Saa tisa anasimama mbele ya hakimu. Ukiandika, anarudi chumbani kwake. Usipoandika, anakwenda Port Arthur miaka saba."

Kapteni akatembea mpaka mlangoni pa banda, akarudi. "Sikiliza, Trewin. Wiki mbili zilizopita nilimtoza faini fundi viatu kwa kushona soli siku ya Bwana. Nikamhubiria mbele ya watu. Mchungaji wa kanisa akanishika mkono. Leo niseme nini? Kwamba Jumapili ileile watu wakisali mimi nilikuwa nimesimama zizini namwambia mfungwa aongeze kivuli kwenye makalio ya kondoo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kwa maneno hayohayo, kama unapenda."

"Nitakuwa kichekesho kutoka hapa mpaka Launceston."

"Kwa wiki mbili. Yeye ni miaka saba."

"Yeye ni mfungwa. Wafungwa hawaishi kuja, konstebo, kila mwezi meli inaleta. Nasikitika, mchoraji ni hodari, lakini hodari mwingine atakuja." Akaonyesha njia. "Mashua inakungoja. Picha iache, ni mali yangu."

"Picha ni kielelezo."

"Basi ibebe! Kondoo mwenye manyoya kwenye turubai, itathibitisha nini? Hakimu atasema amemnakili kwenye kitabu."

"Ni kweli," Trewin alisema. "Peke yake haithibitishi."

Akatazama saa. Saa saba na nusu. Akatoa kwenye koti karatasi iliyokunjwa, akaikunjua mbele ya Kapteni.

"Amri ya kupekua, mheshimiwa. Inaniruhusu kuchukua kielelezo chochote, popote, pande zote mbili za mto. Cobb!"

"Naam!"

"Lete kamba."

"Kamba ya nini?" Kapteni aliuliza.

Trewin alipokea kamba, akaingia zizini, akamkamata kondoo pembe kwa mikono yote miwili kama mtu aliyekulia mashambani. Leopoldi alimpiga teke moja la goti, la pili likaenda hewani, kisha akakubali. Konstebo akafunga kamba, akampa Cobb picha.

"Na wewe unakuja. Wewe ndiye uliyemnyoa."

"Nani atanoa mikasi?"

"Itajinoa. Twende."

Walishuka mteremko wa kwenda gatini, konstebo mbele akichechemea, kondoo nyuma yake akivutwa, Cobb akisukuma kwa tumbo huku ameinua picha juu ya kichwa. Wanyoaji wengine walitoka bandani kutazama. Mmoja akavua kofia kana kwamba maiti inapita.

"Konstebo! Trewin! Huyo ametoka Saksonia!" Kapteni alikuwa akiwafuata kwa hatua ndefu, bado hajakubali kukimbia. "Unataka kumpitisha katikati ya mji hivyo? Uchi? Mbele ya wavuvi?"

"Mtaa mzima wa bandari, mheshimiwa. Mahakama iko juu kabisa."

"Watamcheka!"

"Watauliza ni wa nani. Cobb atawaambia."

Gatini mvushaji alimtazama abiria mpya, akatema mate majini. "Huyo analipa kama mtu au kama mzigo?"

"Kama shahidi," alisema Trewin. "Mshike pembe."

Ilichukua watu watatu kumwingiza. Mashua iliyumba, Leopoldi akakwaruza mbao kwa kwato, akasimama katikati akitetemeka. Upepo wa mto ulimpiga mbavu zilizokuwa na ngozi tupu. Alifungua mdomo akalia, sauti nyembamba ambayo mtu asingeitarajia kwa mnyama mwenye pembe vile.

Kapteni Maule alisimama ukingoni mwa gati. "Atapata kichomi," alisema. Sauti ya gwaride ilikuwa imekwisha. "Miezi mitano baharini hakukohoa hata mara moja. Nilimwekea blanketi. Trewin, mrudishe."

"Siwezi, mheshimiwa. Saa tisa haingoji. Mvushaji, fungua kamba."

Mvushaji akafungua kamba ya mbele. Mashua ikaanza kuachana na gati, kiasi cha mkono, kiasi cha hatua.

"Ngoja! Ngoja, mpumbavu wewe!"

Kapteni akaruka. Alitua kwa goti moja juu ya mguu wa Cobb, kofia ikabaki majini, hakuitazama. Akavua koti lake la sufu ya buluu lenye vifungo vya shaba, akalitandaza juu ya mgongo wa kondoo, akalifunga mikono yake chini ya shingo kama mama anayemfunga mtoto skafu. Kisha akaketi sakafuni, mgongo kwa upepo, akimkinga.

Trewin alimpa muda wa kupumua.

"Mheshimiwa utasema nini mbele ya hakimu?"

"Nitasema nilimwita Jumapili," Kapteni alisema bila kuinua macho. "Alikuja asubuhi, akaondoka jioni. Nitamrudishia hata fundi viatu faini yake, kama hilo ndilo unalotaka kusikia. Na huyu hatashuka mashuani. Umenielewa? Mimi ndiye nitakayepanda mpaka mahakamani. Leopoldi atabaki hapa na Cobb, amefunikwa."

"Nimekuelewa."

"Basi mwambie huyu mtu wako apandishe tanga lote, tunachelewa."

Mvushaji akalipandisha.